Mashine ya Kuoshea kwa Maji Moto ya Presha: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

(Hotuba kwa wamiliki wa biashara ndogo za usafi)



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia ununuzi wa kifaa kimoja tu, nacho ni mashine ya kuoshea inayopasha maji moto na kuyarusha kwa presha kubwa. Huenda jambo hili likaonekana dogo mno kuwa mada ya hotuba. Lakini kwa mtu aliyekopa ili aanzishe kampuni ya usafi, mashine hiyo ndiyo mtaji wenyewe. Ikiharibika, kazi ya kusafisha jiko la hoteli, gereji au soko la samaki husimama, na malipo ya vibarua husimama nayo. Kisichosimama ni marejesho ya mkopo.

Nia yangu leo ni kuwaonesha kwamba mnunuzi asiye fundi anaweza kujilinda. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haimwambii mengi. Namba zilizo kwenye kibati cha mashine, zikipimwa kwa hesabu ndogo, humwambia mengi sana.

Je, kazi yako inahitaji maji moto?

Swali hili ndilo la kwanza, kwa sababu mashine ya maji moto ni ghali kuinunua na ni ghali kuitumia. Kwa vumbi na matope, mashine ya maji baridi inatosha. Maji moto huonesha thamani yake penye grisi, mafuta ya injini na shahamu iliyoganda. Maji baridi huisukuma shahamu kutoka kona moja hadi nyingine; maji ya nyuzi joto 80 huiyeyusha na kuiondoa. Hata hivyo, kwenye damu na utumbo wa samaki, tangulizeni maji baridi. Joto kali huivisha damu kama yai na kuigandisha sakafuni. Damu ikishaondoka, maji moto yafuate ili kuondoa mafuta.

Joto hutoka wapi?

Hapa ndipo wengi hupotoshwa. Kwenye baadhi ya mashine utaona pameandikwa nyuzi joto 60, na muuzaji akakueleza kuwa hiyo ni mashine ya maji moto. Soma tena. Aghalabu namba hiyo ni kiwango cha juu cha joto la maji yanayoruhusiwa kuingia kwenye pampu. Maana yake ni kwamba ukiyachemsha maji kwingine, pampu itastahimili joto hilo. Mashine yenyewe haipashi hata tone moja.

Tufanye hesabu. Maji ya bomba Dar es Salaam tuyakadirie kuwa na nyuzi 25. Mashine inayotoa lita 15 kwa dakika, ikitakiwa kuyafikisha nyuzi 80, inahitaji nguvu ya karibu kilowati 58. Hizo ni sawa na birika 29 za umeme, kila moja ya kilowati 2, zikichemka kwa pamoja. Soketi ya kawaida ya nyumbani ya ampea 13 hutoa takriban kilowati 3 tu. Hata nguvu yote hiyo ikitumika kupasha maji yanayotoka kwa lita 10 kwa dakika, joto lake halitapanda hata nyuzi 5.

Kwa sababu hiyo, mashine nyingi za kazi hii, hasa zile zinazohamishwa kutoka mahali hadi mahali, huwa na kichomeo cha dizeli kinachopasha maji yanayopita ndani ya bomba lililozungushwa kama springi. Ukioneshwa mashine isiyo na kichomeo wala tangi la mafuta, inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida, na ukaahidiwa maji moto mfululizo, huna haja ya kubishana. Mwombe muuzaji aiwashe, kisha pimeni joto la maji baada ya dakika tano.

Presha na wingi wa maji

Wauzaji hupenda kutaja presha pekee, kwa kipimo cha bar au psi. Bar 1 ni takriban psi 14.5, hivyo psi 2,900 ni sawa na bar 200. Msiogopeshwe na namba ya psi kwa kuwa ni kubwa. Ulizeni pia wingi wa maji. Presha hubandua uchafu, lakini wingi wa maji ndio unaouchukua na kuuondoa. Kwa sakafu pana na magari makubwa, mashine ya bar 150 yenye lita 15 kwa dakika mara nyingi humaliza kazi mapema kuliko ya bar 200 yenye lita 8.

Kuna kanuni rahisi ya kugundua chumvi iliyozidi. Zidisha bar kwa lita zinazotoka kwa dakika, kisha gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati zinazohitajika kusukuma maji hayo. Bar 200 mara lita 15 ni 3,000. Ukigawanya kwa 600 unapata kilowati 5. Kwa kuwa hakuna pampu isiyopoteza nguvu, mota au injini lazima iwe na zaidi ya hapo. Basi kibati kikidai bar 200 na lita 15 huku mota ikiwa ya kilowati 2, mojawapo ya namba hizo si ya kweli. Aidha, fahamuni kwamba mashine ya nguvu hiyo kwa kawaida huhitaji umeme wa njia tatu. Ulizeni iwapo upo mahali mnapofanyia kazi kabla ya kulipia, wala si baada ya mashine kushushwa garini.

Wingi wa maji upimeni wenyewe. Kichomeo kikiwa kimezimwa na nozeli imeondolewa, jazeni ndoo ya lita 20 huku mkitazama saa. Mashine ya lita 15 kwa dakika hujaza ndoo hiyo kwa sekunde 80.

Uimara wa pampu

Mota inayozunguka takriban mara 1,400 kwa dakika huichosha pampu polepole kuliko ile inayozunguka mara 2,800. Pampu yenye kichwa cha shaba nyeupe na pistoni za kauri imekusudiwa kazi ya kila siku. Yenye kichwa cha plastiki imekusudiwa gari la nyumbani mwisho wa juma. Muulizeni muuzaji mambo hayo, na majibu yake yaandikwe kwenye ankara kifani.

Maji nayo yana hesabu yake. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi au magumu, na maji magumu yakipashwa huacha magaga ndani ya bomba la joto, kama ilivyo ndani ya birika. Bomba likizibika, joto hupungua na mafuta huungua zaidi. Ulizeni kama mashine ina sehemu ya kutilia dawa ya kuzuia magaga, na kama dawa hiyo hupatikana nchini.

Gharama baada ya kununua

Kwa mfano wetu wa lita 15 kwa dakika na nyuzi 80, kichomeo hutumia takriban lita 6 hadi 7 za dizeli kwa saa. Kazi ya saa nne kwa siku ni kama lita 26. Zidisheni kwa bei ya dizeli ya mwezi huo kabla hamjamtajia mteja bei ya kazi. Mashine hiyo hiyo hunywa lita 900 za maji kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 1,000 halifiki hata saa moja na robo. Asiyepiga hesabu hii mapema hujikuta anaosha kwa hasara huku mteja akimsifu kwa kazi nzuri.

Vipuri na dhamana

Mashine ya kuaminika si ile isiyoharibika kamwe, maana hiyo haipo. Ni ile ambayo ikiharibika Jumatatu, Jumatano imerudi kazini. Kabla ya kulipa, ombeni bei na upatikanaji wa vitu vinne: sili za pampu, nozeli, mpira wa maji moto na bomba la joto. Muuzaji asiyeweza kuvitaja hivyo vinne anakuuzia mashine ya safari moja. Mpigieni simu pia fundi asiye wa duka hilo, mumuulize kama amewahi kuitengeneza mashine ya aina hiyo.

Dhamana iwe ya maandishi. Ioneshe muda wake, sehemu inazohusu, nani anayelipia usafirishaji wa mashine hadi karakana, na matengenezo yatachukua siku ngapi. Someni kwa makini iwapo inahusu matumizi ya biashara, kwa kuwa dhamana nyingine ni za matumizi ya nyumbani pekee. Namba ya mashine ilingane na ile iliyo kwenye karatasi. Kwa chapa zinazojulikana, hakikini namba hiyo kwa wakala aliyeidhinishwa ili msiuziwe bandia.

Usalama wa wafanyakazi

Maji ya presha hii hupenya ngozi. Tundu linaweza kuonekana dogo kama la sindano ilhali nyama ya ndani imeharibika vibaya. Aliyepatwa na jeraha hilo afikishwe hospitali mara moja, hata kama haoni damu nyingi. Maji moto huongeza hatari ya kuungua, hivyo mpira lazima uwe wa kustahimili joto. Mpira wa maji baridi hulainika na kupasuka.

Wakati wa majaribio, mwombeni fundi aachie kifyatulio. Kichomeo kinapaswa kuzimika chenyewe. Vilevile kizimike maji yanapokatika. Mashine isiyofanya hivyo msiinunue kwa bei yoyote ile. Kichomeo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo mashine isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Umeme wake uwe na waya wa ardhini na kikata umeme kinachofanya kazi. Ulizeni pia kama mashine imethibitishwa kwa kiwango cha kimataifa IEC 60335-2-79, ambacho huhusu usalama wa mashine za aina hii.

Haki zenu kisheria

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, nayo inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoikusudia na kuutegemea utaalamu wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo msiombe mashine kwa jina la chapa pekee. Andikeni: «Nahitaji mashine ya kuondolea mafuta kwenye sakafu ya jiko, saa nne kila siku, maji yasiyopungua nyuzi 80.» Maneno hayo yaingie kwenye ankara. Siku ya mgogoro, sentensi hiyo moja itakuwa na uzito kuliko ahadi nyingi za mdomo.

Daini risiti ya EFD na muitunze. Mashine ikiwa na kasoro, msiruhusu fundi wa mtaani kuifungua. Pigeni picha, mwandikieni muuzaji barua yenye tarehe, na mbaki na nakala. Asipowasikiliza, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Na panapohusika ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Ndugu zangu, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Muuzaji atawaambia kwamba imebaki moja tu na kesho bei itapanda. Muulizeni kilowati, lita, joto na vipuri, kisha mwombeni aiwashe. Mwenye bidhaa njema hatachukia maswali hayo. Anayeyachukia amekwisha kuwajibu.