Mafuta ya Chungu, Mafuta ya Taa

Wale kati yetu wanaoshuka kutoka River Road hadi Kamukunji wanazifahamu nyundo za mafundi wa jua kali. Huko mkebe mkuukuu hugeuzwa koroboi: kifuniko hutobolewa, kijibomba hutiwa lehemu, utambi wa pamba hupenyezwa, basi, taa iko tayari.

Yapata miaka 2,000 iliyopita mafundi wa dola ya Kirumi walifanya kazi ya namna hiyo kwa udongo. Waliukandamiza katika kalibu mbili, ya juu na ya chini, wakaziunganisha nusu hizo na kuzichoma tanuruni. Taa ilienea kiganjani. Juu yake palikuwa na picha ya simba, au merikebu, au wapiganaji wa uwanjani, hata miungu yao. Chini fundi alipiga chapa jina lake. Jina Fortis limeonekana katika taa nyingi za nchi mbalimbali. Wengine waliliiga tu, jambo lisiloweza kumshangaza mnunuzi yeyote wa Nairobi! Baadaye Wakristo wa Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Tunisia, walitia alama zao, kama samaki na msalaba.

Lakini gharama haikuwa katika mapambo. Ilikuwa katika mafuta. Kando ya bahari ile waliwasha mafuta ya zeituni, yale yale waliyokula. Kuwasha taa kulikuwa kupunguza chakula. Wenzetu wa vyumba vya kupanga kule Kawangware watalielewa hili upesi kuliko wasomi, maana shilingi ya mafuta ya taa hutoka katika shilingi ya unga, na moshi wake huumiza kifua juu ya hayo. Stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, hata nyumba kubwa za Lavington zilionja giza hilo.

Sasa twaomba mfungue Luka 15, habari za yule mama aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi. Sarafu ile ilikuwa karibu ujira wa kibarua kwa siku moja. Nyumba za maskini zilikuwa na madirisha machache, madogo. Akawasha taa, akafagia. Sisi husoma mbio hapo, tukikimbilia furaha ya majirani, wala hatuulizi mafuta yalitoka wapi. Kila alipoinama pembeni na ufagio wake, chakula cha nyumba ile kilikuwa kikiwaka mkononi mwake. Naye aliendelea kufagia.