Mafuriko ya Rufiji yaingie darasani

(Mada iliyotolewa kwenye kikao cha vijana, kipindi cha elimu)

Nimepewa dakika kumi na namwona mwenyekiti anaangalia saa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Aprili 2024 maji yalifunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Mnakumbuka mtandaoni ilivyokuwa. Wengine wakasema Bwawa la Nyerere limefunguliwa, maji yamesomba mazao ya watu. Serikali ikasema hapana, bwawa ndilo limepunguza mafuriko. Tukarushiana maneno, wao na sisi, na wachache sana waliuliza swali ambalo mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kulielewa: kila sekunde yaliingia bwawani maji kiasi gani, na yalitoka kiasi gani?

Mimi nasema ugomvi kama ule ndio mahali pa kuanzia kufundisha sayansi. Sasa hivi mwanafunzi anaanza kwa kukariri ujazo ni nini, msongamano ni nini, tena kwa Kiingereza ambacho hajakimudu. Anajibu mtihani, anasahau. Mpeni Rufiji. Wakae watano watano. Kwanza kila mmoja aandike jibu lake peke yake, maana bila hivyo kundi zima litamfuata anayeongea sana (vikao vyetu mnavijua wenyewe). Halafu wabishane, kwa Kiswahili. Mwisho waandike tena, kila mmoja aseme ni kipimo gani kimembadilisha, au kingembadilisha. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, Marekani, alianza kufundisha kwa namna inayofanana na hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaona majibu sahihi yanaongezeka baada ya wanafunzi kujadiliana wenyewe.

Vifaa? Michango ya maabara ya 2014 wazazi wenu wanaikumbuka vizuri. Hapa hatuhitaji jengo. Ndoo yenye tundu karibu na kitako, jagi, na saa ya simu. Mimina haraka, maji yanapanda. Mimina polepole, yanashuka. Kisha nenda ubaoni na namba za mfano tu: zinaingia mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, zinatoka 3,000. Siku ina sekunde 86,400. Kwa siku moja bwawa limebakiza mita za ujazo milioni 172.8, na walio chini wamepata maji machache kuliko ambayo mto ungewaletea. Geuza namba, yatoke mengi kuliko yanayoingia: sasa bwawa limewaongezea.

Hapo mjadala unanoga. Atatokea mmoja aulize, je, ndoo ikiwa imeshajaa? Swali zito hilo. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022 na linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, lakini likikaribia kujaa wakati masika bado yanaendelea, nafasi ya kuzuia mafuriko imekwisha. Kinachoingia lazima kitoke. Na msimamizi anavutwa pande mbili. Umeme unataka maji yakae juu, kwa sababu yakishuka kutoka juu zaidi yanasukuma mitambo kwa nguvu zaidi. Mkulima wa bondeni anataka nafasi tupu. Mwingine atauliza mvua iliyonyesha chini ya bwawa inaingia kwenye hesabu ipi. Mwalimu asikimbilie kujibu.

Mwisho kundi litagundua kwamba haliwezi kuamua bila takwimu za kila siku za maji yanayoingia na yanayotoka. Hilo ndilo dai letu la siasa: zibandikwe ofisi ya kijiji kila asubuhi wakati wa masika, mkulima ajue kama avune leo mpunga wake au asubiri.

Najua mwalimu wa serikali ataogopa kuambiwa anafanya siasa darasani, na haogopi bure. Ndiyo maana kila kundi litetee pia jibu lisilolipenda. Na sisi tusije na bendera. Ukigeuza somo kuwa mkutano wa hadhara, umeliua.

Ndoo tatu ziko pale nyuma, zimeshatobolewa. Tujigawe watano watano, tuone. Mwenyekiti, na wewe ingia kundi.