Maneno Tuliyowaambia Wanachama wa Malaba Juu ya Kuandikisha Majina ya Kura



Halmashauri imetuomba tuseme juu ya kuandikisha majina ya kupiga kura. Hatutasema sana, maana wengine wetu wanaingia zamu saa nane, na gari la mizigo halingoji hotuba.

Kwanza twataka kukiri kosa letu wenyewe. Siku ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, sisi wa gengi tunaokaa landi tulikuwa watu kumi na mmoja. Wote tulikuwa tumeandikishwa. Lakini wapi? Mmoja Nakuru, watatu Eldoret, mmoja Voi, wengine makwao. Jina la kila mtu lilibaki pale alipokuwa kabla ya kuhamishwa. Waliopiga kura hapa ni wawili tu. Sisi wengine tulishinda chini ya mwembe na redio, tukabishana juu ya Rais hata tukakaribia kupigana.

Mvua zilipokuja njia ya kwenda sokoni ikawa tope tupu, na mfereji tuliokuwa tukiuomba haukuonekana. Tukachagua watu wanne waende kwa kiongozi mmoja aliyechaguliwa. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akaandika maneno yetu katika daftari. Kisha akauliza, "Wazee, nyinyi mnapigia kura wapi?" Tukatazamana. Mmoja wetu, mtu asiyejua kusema uongo, akajibu, "Voi." Yule mheshimiwa akafunga daftari polepole. Hakututukana. Lakini tulipokuwa tukirudi tukifuata reli, hakuna aliyesema neno mpaka stesheni.

Tangu siku hiyo tumeuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Siku ya kura kila mtu hupewa karatasi sita: ya Rais, Gavana, Seneta, Mwakilishi wa Wanawake, Mbunge, na Mwakilishi wa Wadi. Watu hupenda kuzungumza juu ya ile ya kwanza. Ndugu, itazameni ile ya sita. Tangu mwaka 2013, yale mabaraza ya miji na ya wilaya yalipokwisha, soko, zahanati, barabara ndogo, machinjio, shule za chekechea na leseni za biashara viko mikononi mwa kaunti. Kaunti yetu ya Busia ina wadi 35, na jimbo hili la Teso Kaskazini lina sita. Fedha za kaunti hazitumiki mpaka bunge la kaunti limezipitisha, na anayekaa mle kwa ajili ya wadi yako ni mtu mmoja tu. Katika hesabu ya nchi nzima kura kumi na moja ni kama kokoto moja kwenye tuta la reli. Katika wadi zaonekana.

Basi aliye na jina mahali pengine afanye nini? Asijiandikishe upya. Wako wanaodhani ya kuwa jina la pili hufuta la kwanza. Sivyo. Tangu mwaka 2012 mashine hupokea alama za vidole, na kujiandikisha mara mbili ni kosa mbele ya sheria ya mwaka 2016. Njia ni kwenda kwa Tume ya Uchaguzi katika jimbo unalokaa sasa, na kitambulisho chako, ukajaza fomu ya kuhamisha kituo. Fomu hiyo haina fedha. Akikudai mtu hata shilingi kumi, uliza jina lake kisha utuletee.

Twaja kwenye jambo gumu, nalo ni la mpaka.

Kabla ya mwaka 1902 hapa tulipo palihesabiwa kuwa Uganda, na Uganda hiyo ilifika hata Naivasha. Wakubwa wakasogeza mstari, na ukoo mmoja ukajikuta pande mbili. Wateso wako huku na kule, na Wasamia vilevile. Mnajua ndugu wawili wa nyumba ya Awori: Moody alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu mwaka 2003, na Aggrey aligombea urais wa Uganda mwaka 2001. Hilo si aibu. Wala si aibu mtu kuvuka daraja kwenda kumzika mjomba, au kununua ndizi. Hata neno boda boda lilizaliwa Busia kwa baiskeli za kuvusha watu.

Lakini kila mwaka wa uchaguzi husemwa ya kwamba watu huvushwa kwa makundi wapige kura. Sisi hatukuwaona kwa macho, hatutamtaja mtu. Twasema hivi tu: maneno hayo huwaumiza watoto wetu. Kijana wa mwenzetu mmoja, aliyezaliwa papa hapa, alirudishwa mara tatu alipoomba kitambulisho. Lete cha baba, lete cha mama, lete barua ya chifu, babu yako alizikwa wapi? Bila kitambulisho au pasipoti jina haliandikwi. Mwenye kupokea mia mbili ili aazime jina lake upande wa pili anampa yule karani sababu ya kumrudisha mtoto wako mara ya nne.

Na tusisahau hali ilivyokuwa. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe kwa mara ya kwanza, mwenye elimu, mshahara na mali aliweza kuwa na kura mbili au tatu, na mwenye jembe hakuwa na hata moja. Mei 1963 ndipo kila mtu mzima alipopata yake moja. Mkuu wa stesheni na kibarua wa mataruma, moja moja.

Wake zetu nao waandikishwe kwa majina yao. Hao ndio wachotao maji.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Halmashauri itaomba orodha ya zamu mapema, ili kila mtu apate nafasi yake.

Jumamosi ijayo, waliotoka zamu ya usiku na wenye mapumziko tukutane mbele ya stesheni saa tatu asubuhi, twende pamoja. Njoo na kitambulisho chenyewe, si picha yake katika simu. Yule ndugu wa Voi amekwisha kutuahidi kwamba atatangulia.