Nyota Iliyozidi Kuwa Nyekundu

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Wete)



Nimetakiwa niseme machache juu ya nyota, nami nimechagua moja tu, V838 Monocerotis. Jina lake zito, lakini mahali pake ni pepesi kupajua. Katikati ya Februari, karibu na saa nne usiku, tazameni utosini, baina ya Sirius na Procyon. Hapa Wete hupita takriban juu ya vichwa vyetu.

Tarehe 6 Januari 2002, N. J. Brown wa Australia aliiona ikiwa daraja la 10. Kabla ya hapo ilihitaji darubini kubwa. (Katika hesabu ya nyota namba ndogo ndiyo mwanga mkubwa, na jicho tupu huishia kwenye daraja la 6.) Ikafifia kidogo, mwanzoni mwa Februari ikaruka hadi karibu 6.7, Machi ikawaka mara ya tatu.

Kwa mwanga peke yake, mtu angesema ni nova. Rangi ndiyo iliyokataa. Nova ikishatupa gesi yake huacha wazi kiini chenye moto mkali, na rangi huelekea buluu. Hii ilizidi kuwa nyekundu, mfano wa chuma cha mhunzi kinapotolewa motoni kikaanza kupoa. Kabla mwaka haujesha, joto la uso wake lilikuwa kiasi cha nyuzi 2,000 tu. La Jua letu ni kama 5,500. Ilikuwa imevimba mno huku ikipoa.

Wataalamu wengi sasa husema nyota mbili ziligongana zikawa moja. Mwaka 2008 V1309 Scorpii iliripuka kwa namna hiyo hiyo, na vipimo vya miaka ya nyuma vikaonyesha kuwa kweli zilikuwa mbili, zikizungukana kwa muda uliozidi kufupika.

Basi wanafunzi, mkishika daftari msiandike mwanga tu. Andikeni na rangi, saa, na kimo cha nyota angani. Nyota yoyote inayotua upande wa Fundo hugeuka nyekundu kwa unene wa hewa, na huo si wekundu wake. Ya utosini haina udhuru huo. V838 imeshafifia, darubini ya mkononi haiipati tena. Anzeni na Betelgeuse, ambayo mwanzoni mwa 2020 ilipungua mwanga hata jicho tupu likatambua.