Fedha za Leseni na Mkaguzi Wake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wenyeji, Garsen)



Sisi ni watu wa reli, na reli haikufika Tana hata siku moja. Tumekuja kwa basi kutoka Mombasa kupitia Malindi, na viuno vyetu vyajua hivyo. Pengine mwauliza, mtu wa reli ana nini na leseni za Garsen? Wengi wetu tuna ndugu huku wenye vibanda, pikipiki na mifugo ya mnadani, na mara nyingi mshahara wa reli ndio unaolipa leseni hizo.

Kwanza twawaambia jinsi wazee wetu wa reli walivyotunza fedha wakati wa tiketi za kadi ngumu. Kila tiketi ilikuwa na namba yake. Karani wa stesheni aliandika namba ya tiketi aliyoanza nayo, na mwisho wa kazi akaandika namba aliyoishia. Tofauti ya namba hizo, ukiizidisha kwa nauli, ndiyo fedha iliyopasa kuwa sandukuni. Mkaguzi alishuka kwenye treni bila kutoa habari, akatazama tiketi kwanza, fedha baadaye. Zikipungua, karani alikuwa na maneno ya kujibu. Hakuulizwa kama ni mtu wa kanisani, wala ni wa kabila gani.

Hesabu ya leseni ni hiyo hiyo. Leseni ngapi zimetolewa, kila moja kwa shilingi ngapi, na benki zimefika ngapi? Sisi tuliosoma shule ya msingi ya misheni twaiweza hesabu hiyo.

Sasa, ni nani anayekagua? Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, leseni za biashara, masoko, viwanja vya mnada wa mifugo na leseni za pombe ni kazi ya kaunti, na makao ya kaunti ya Tana River ni Hola. Leseni za magari ya abiria zina njia nyingine. Zamani zilitolewa na Bodi ya Leseni za Uchukuzi. Sheria ya mwaka 2012 ikaunda NTSA, chombo cha taifa, kikachukua kazi ile. Basi mwenye matatu hulipia leseni ya gari kwa taifa, na akitozwa ada ya stendi, hiyo ni ya kaunti. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, wakapeleka malalamiko mlango usio wake.

Lakini mkaguzi ni mmoja: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Kifungu cha 229 cha Katiba ya mwaka 2010 champa miezi sita kukagua na kutoa taarifa, yaani mpaka mwisho wa Desemba. Taarifa ya chombo cha taifa huenda Bungeni Nairobi, na ya kaunti huenda pia kwa Bunge la Kaunti kule Hola. Wakiisha kuipokea, wana miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Ndugu, miezi mitatu hiyo ndiyo inayotupita tukiwa tumelala. Diwani tuliyempigia kura aketi na taarifa mkononi, na hakuna hata mmoja wetu anayemwuliza ameisoma ukurasa gani.

Jambo jingine lataka kuelezwa pole pole. Mkaguzi akikosa vitabu, hawezi kusema fedha imeibwa. Husema tu kwamba hakupata ushahidi wa kutosha kutoa maoni. Mtu asiyejua akisikia hivyo hudhani mambo si mabaya sana. Kwa watu wa reli, karani aliyepoteza kitabu cha tiketi alikuwa na kesi kubwa kuliko aliyepungukiwa na shilingi kumi!

Mke wa mwenzetu mmoja, mwenye kibanda cha chai katika soko moja la pwani (si hapa), alilipa ada akapewa karatasi isiyo na namba wala muhuri. Baada ya miezi miwili akaja mtu mwingine, akaikataa ile karatasi, akafunga kibanda. Siku nne watoto walikula kwa mkopo. Mkaguzi hata angalifika sokoni siku ile asingaliiona fedha yake, kwa maana haikuandikwa po pote.

Hatusemi kwamba kila mtoza ada ni mwizi. Lakini Kifungu cha 207 chasema mapato ya kaunti yaingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria ya Bunge. Na Kifungu cha 226 chasema mwenye cheo akiidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria atailipa hasara, hata akiwa ameacha kazi. Tena Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali.

Mtu asituambie kwamba twanyoshea wengine kidole. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka hesabu za vyama vya wafanya kazi zikaguliwe na kupelekwa kwa Msajili. Hesabu za chama hiki ziulizeni vile vile, na sisi tujibu.

Basi twaomba hivi. Kila mwenye risiti ya leseni ya mwaka huu ailete kwa katibu wa tawi, aandike namba, tarehe na kiasi katika daftari, kisha arudishiwe yake. Aliyepewa karatasi bila namba aje nayo pia. Hiyo ndiyo tunayoitaka zaidi. Taarifa ya mkaguzi ikiwa mbele ya Bunge la Kaunti, watu watatu watakwenda Hola na daftari hilo kuwaona madiwani. Nauli yao tumekwisha kuchanga. Asiyejua kuandika asione haya, ataandikiwa.