Siku ya Kupumzika Njiani

Leo tuzungumze juu ya siku ambayo wengi huihesabu kuwa siku ya bure: siku ambayo watu walio katika safari ndefu ya miguu wanakaa bila kutembea.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji wengi sana hutembea kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa jirani zetu wa Uganda. Kutoka Fort Portal mpaka Kampala ni karibu kilomita 300. Anayetembea kilomita 30 kwa siku atatumia siku kumi, na hapo katikati lazima swali litokee: tupumzike au tuendelee? Vijana watasema, miguu ingali na nguvu, tukikaa tutachelewa sikukuu. Mama mwenye malengelenge miguuni hatasema neno, maana anaona haya kuwa yeye ndiye anayewachelewesha wenzake. Mzee naye atanyamaza kwa heshima yake.

Kwa hiyo siku ya kupumzika isingojewe mpaka mtu aanguke. Ipangwe kabla ya kuondoka nyumbani, itangazwe, na iwe ya wote. Mkisema ni ya wagonjwa tu, wagonjwa wataficha ugonjwa wao.

Kumbukeni mahujaji wale wanamfuata nani. Mwezi wa tano mwaka 1886, Kabaka Mwanga wa Buganda aliamuru vijana Wakristo wapelekwe Namugongo kuuawa. Walitembezwa wakiwa wamefungwa. Mmoja wao, Gonzaga Gonza, miguu yake iliumizwa na minyororo mpaka akashindwa kuendelea. Tarehe 27 Mei walimchoma mkuki palepale njiani, na wenzake wakasukumwa mbele. Mimi naona hivi: mtu hawezi kutembea kwa kumkumbuka Gonzaga huku akimwacha nyuma mwenziwe asiyeweza kutembea. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Miriamu aliwekwa nje ya kambi siku saba, na taifa zima halikuondoka mpaka aliporudishwa. Na Miriamu alikuwa amekosa! Ndugu zetu Waislamu nao wanajua kwamba msafiri amefupishiwa sala na ameruhusiwa kuahirisha funga.

Siku yenyewe si ya kulala tu. Miguu ioshwe kwa maji safi na sabuni, ikauke, iinuliwe juu kidogo. Ngozi ya lengelenge isichunwe. Wekundu ukienea au homa ikipanda, nendeni kwenye kituo cha afya, msingoje kesho. Nguo zifuliwe. Watu wahesabiwe kwa majina. Nao waliogombana jana juu ya mzigo au chakula waitwe wakae pamoja, kwa sababu mtu aliyechoka anasema maneno ambayo akipumzika anayaonea haya.

Najua wewe uliye kambini, au katika nyumba ya watu waliokupokea, utaniuliza: Bwana, hayo yanatuhusu nini? Hujaji alichagua kutembea, mimi nilikimbizwa. Ni kweli. Hujaji anajua siku atakayofika na siku atakayorudi kwake, wewe huijui. Penye risasi hakuna siku ya kupumzika, kuna kuokoa roho tu. Lakini hatari ikishabaki nyuma, mara nyingi tunaendelea kukimbia kwa mazoea, na katika kukimbia huko watoto wanapotea na wazee wanaachwa chini ya miti. Mkifika mahali penye usalama, kaeni siku moja mhesabiane. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, kanuni ya 17, zinasema jamaa wanaotaka kubaki pamoja waruhusiwe. Kanuni ya 4 inawataja watoto, wenye mimba, wazee na walemavu kuwa wanastahili ulinzi na msaada kwa kadiri ya hali yao. Basi anayemwambia mama mjamzito, "Tembea au ubaki," anakwenda kinyume cha kanuni hizo, hata kama yeye mwenyewe ni mkimbizi.

Sasa nageukia ninyi machefu, na hapa ndipo penye moto. Tarehe 27 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, wakubwa waliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma iondoke. Maelfu kwa maelfu walikwenda Sake, wengi kwa miguu, karibu kilomita 25. Mji mdogo ukajaa kwa siku moja, na maji yakawa shida. Mwenyeji anayekuta foleni ya bidoni kwenye bomba lake hana chuki, ana hofu. Anajiuliza, hawa wamekuja kupumzika au wamekuja kukaa?

Jibu la hofu hiyo ni kusema wazi. Kundi likifika, watu wawili au watatu, na awemo mwanamke, waende kwanza kumsalimu chefu: tuko wangapi, tuna wagonjwa wangapi, tunaomba kukaa siku ngapi. Waulize maji yanachotwa wapi na saa ngapi, kuni zinaokotwa wapi, choo kiko wapi; kama hakuna, wageni wachimbe wao. Kwa hujaji mapatano haya ni rahisi. Kwa mkimbizi asiyejua siku ya kurudi, msiahidi tarehe ya uongo. Semeni: tunakaa siku tatu, halafu tunakutana tena hapa kuangalia hali. Siku tatu zikiisha mkutane kweli, hata kama hakuna jipya.

Na mashirika yakileta msaada, chefu akumbushe kwamba Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na nchi za Afrika tarehe 23 Oktoba 2009, unataka msaada huo, panapofaa, uwafikie pia wenyeji waliopokea watu. Si haki mgeni apewe sahani na mwenye bomba aangalie kwa macho.

Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya orodha ya majina kambini: nani anaiandika, nani anaitunza, na nani ana haki ya kuiona.