Kabla Hujashika Kisu



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu, mtasema huyu vipi, anatuzungumzia damu na ngozi za mbuzi na futari bado. Niwieni radhi. Ramadhan ikiisha ni siku sabini hivi tu, Idd ya kuchinja imefika, na wachinjaji wenyewe ni nyinyi.

Waulizeni wakubwa wenu habari za mwisho wa 2006. Mvua kubwa ilinyesha upande wa Garissa na Ijara, maji yakatuama, mbu wakazaana, na Homa ya Bonde la Ufa ikalipuka. Kondoo na mbuzi wakaharibu mimba, kisha wachungaji nao wakaanza kufa. Kufikia Machi 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki hapa Kenya. Idd ilitukuta katikati ya balaa hilo. Mifugo ya huko ikazuiwa kusafirishwa, na hapa Nairobi watu wakaikimbia nyama.

Lakini tuliogopa pasipo penyewe. Nyama iliyokaguliwa na ikaiva sawasawa haikuwa na neno. Virusi hivi humpata mtu kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, au kwa kuumwa na mbu; na maziwa mabichi nayo si ya kuaminiwa. Yaani wa kuogopewa si mla pilau, ni kijana aliyechinja na kuchuna. Mimi mwenyewe Idd ile nilichuna mbuzi watatu, nikajikata kidole, nikakifunga kitambaa nikaendelea. Sikujua. Allah alinistiri.

Na ugonjwa huu si mgeni kwetu. Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete, hapo tu ukipita Kangemi, ndio waliouandika mwaka 1931, baada ya kondoo kufa katika shamba karibu na Ziwa Naivasha. Waliowashika kondoo wale nao walishikwa na homa. Mwaka 2000 ukavuka bahari mpaka Saudia na Yemen.

Mtume (S.A.W.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa ngamia wazima. Sasa wewe unayejua mbuzi wako anaumwa, ukamshusha bei umuuze haraka jioni ya Arafa, utajibu nini? Na mnunuzi naye asifurahie rahisi: mnyama mwenye ugonjwa wa dhahiri hafai kwa udh-hiya hata kidogo.

Mpeleke mnyama wako kwenye kichinjio chenye daktari wa mifugo, kama vya Dagoretti, akaguliwe akiwa hai na akaguliwe tena baada ya kuchinjwa. Ukichinjia nyumbani, mwite daktari aje. Vaa glavu na viatu vya mpira, funika kidonda chochote ulicho nacho. Damu ifukiwe, isiachwe itiririke mtaroni watoto wakaichezea. Wale wadogo wanaopenda kushika miguu ya mbuzi, waambieni wakae mbali. Aliyeharibu mimba asiguswe kwa mikono mitupu, wala kitoto chake.

Na ukishikwa na homa siku mbili hadi sita baada ya kuchinja, usikimbilie dawa ya malaria ya dukani. Nenda hospitali, na neno la kwanza umwambie daktari: nilichinja.